Sikuziamini Sentensi Nzuri

Nimestaafu, na vijana niliowaacha ofisini Kilwa Masoko wameniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi ya kisomo cha watu wazima pande hizo za Kilwa. Ombi lenyewe nililishuku kwanza. Mtu akikuomba kumbukumbu, mara nyingi anataka umsifie aliyekutangulia, umsifie atakayekufuata, halafu umalize kwa dua. Dua nitawaombea kimyakimya. Hapa nataka kuwaambia jinsi ya kumshuku mwanakisomo wenu akiwatungia sentensi nzuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Mengine yalikuwa chaki na kusubiri basi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kiswere. Basi liliniacha barabarani na begi, ubao uliofungwa kwa kamba ya katani, na Kiswahili cha chuoni. Mimi ni Mmwera wa upande wa Lindi. Nyumbani tulisema Kimwera, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa kimenyooshwa kama nguo ya Idi na mimi mwenyewe niliogopa kukikunja. Darasa lilikuwa barazani kwenye ghala la nyavu. Baada ya alasiri wavuvi walikuja na wake zao, wanaume wakakaa mkeka huu na wanawake mkeka ule. Siku ya kwanza niliandika maneno mapya ubaoni, nikasema kila mmoja atunge sentensi. Wakatunga. Sikukuta kosa. Nilirudi nyumbani nikiona kwamba kazi hii nimeiweza, tena mapema.

Aliyeniharibia furaha hiyo ni Mwalimu Nandonde, mzee aliyefundisha pale kabla yangu na aliyebaki kwa muda ili anikabidhi darasa. Alikuwa mtu mkavu, akicheka anachekea puani. Alisoma sentensi ya mvuvi mmoja, Mzee Bakari: "Serikali yetu inasisitiza usafi." Mimi nilikuwa nimeiwekea alama kubwa ya vema.

"Kesho mpe neno upweke," akaniambia.

Nikampa. Mzee Bakari akaandika: "Serikali yetu inasisitiza upweke."

"Sasa mpe husuda."

"Serikali yetu inasisitiza husuda," akaandika Mzee Bakari, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameisikia sentensi hiyo mikutanoni tangu ujana wake, akagundua kwamba ina kiti kitupu ambacho neno lolote linaweza kukikalia. Nilipolikagua darasa upya, nikakuta karibu kila mtu ana sentensi yake ya namna hiyo. Mmoja alikuwa na "Mwenyezi Mungu atuepushe na", na mwingine alikuwa na "Watoto wa siku hizi hawana". Niliona nimechezewa, na bado wachezaji wenyewe waliniamkia vizuri kila alasiri.

Nandonde akanipa dawa. "Usimwombe akubali kwa neno hilo," alisema. "Kukubali kila mtu anaweza. Mwambie amkatalie mtu anayemjua, kisha aseme kwa nini. Kama halijui, atakwama hapo kwenye kwa nini."

Nikamjaribu Mzee Bakari kwa neno dhamana. Alikuna kidevu, akautazama mkeka wa wanawake alikokaa mkewe, kisha akasema, "Simwekei dhamana shemeji yangu, kwa sababu atakimbia, nibaki ndani mimi." Darasa zima likaguna, maana huyo shemeji walimjua. Mkewe hakusema naye njia nzima ya kurudi nyumbani. Hapo nikaweka alama ya vema nikiwa na hakika nayo, na tangu siku ile sikumwamini tena mtu aliyeniambia ndiyo upesi.

Miaka ilikwenda, nikahamishwa kijiji hiki na kile. Ubao ukipauka nilijifunza kuupaka mkaa uliosagwa pamoja na majani ya viazi, nanyi fanyeni hivyo, msikae mkingoja rangi kutoka mjini. Jifunzeni pia kutoka nje. Mkishawapa neno jipya, semeni mnakwenda kunywa maji, msimame nyuma ya mlango muwasikilize wakilijadili kwa lugha ya nyumbani kwao. Neno walilolielewa hulivunja papo hapo, wakalizunguka kwa maneno yao wenyewe hadi likawa la kwao. Wasilolielewa hubaki zima katikati ya maongezi, kama jiwe kwenye wali. Mimi Kimatumbi nakisikia nusu tu, lakini nusu hiyo ilinitosha kuyasikia mawe.

Na kuna maneno yenye sauti ya Kiarabu. Watu wa pwani tumezoea kuyasikia msikitini na kwenye maneno ya heshima, kwa hiyo likija jipya lenye sauti hiyo tunalipisha kabla hatujaliuliza linatoka kwa nani. Mimi ni Mwislamu, nasali, na nasema hivi bila wasiwasi: si kila neno linalofanana na dua linakutakia heri.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kinjumbi. Tulisomea ndani ya ghala la korosho, miezi ambayo halina korosho, na harufu ya magunia iliingia mpaka kwenye daftari. Mwanakisomo wangu bora pale alikuwa Bi Mwanahawa, mjane, mtu mzima kuliko mimi, kwa hiyo kila alasiri nilimpa shikamoo kabla ya kumfundisha, naye akaitikia marahaba kabla ya kunitii. Alianza kisomo uzeeni kwa sababu, alisema, amechoka kusomewa barua na watu wanaocheka katikati. Alikuwa na shamba la minazi kando ya mkono wa bahari, na ndani ya shamba hilo, katikati ya minazi aliyoipanda mwenyewe, ndiko alikozikwa mumewe. Kila Ijumaa alikwenda kufagia kaburi, akasoma Fatiha, akaangua madafu mawili matatu, akarudi. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani, na hakukitafuta.

Sasa niwaambie adabu moja ya watu wa pale, maana bila kuijua mtapotea kama wengine walivyopotea. Mgeni akija na neno lake, wanamrudishia. Akisema amekuja kwa mazungumzo, mwenyeji anajibu kwamba mazungumzo ni jambo zuri. Akisema uhamasishaji, anajibiwa kwamba uhamasishaji umewafikia. Ni namna ya kumkaribisha, kama kumpa kiti. Haina maana kwamba wamekubali, na wala haina maana kwamba wameelewa. Mwenye haraka hudhani amejibiwa.

Walikuja wageni, kampuni ya watu waliotaka kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti kando ya mkono ule wa bahari. Msemaji wao alikuwa kijana mpole, mwenye kofia safi na salamu ndefu. Kwenye mkutano alieleza kwamba ili mradi uanze, eneo lile itabidi lihawilishwe. Akalitamka neno hilo vizuri, taratibu, kama anayelipenda. Alisema kuhawilisha ni hatua ya kawaida, kwamba kuhawilisha kutaleta ajira, na kwamba anaomba mkutano ujao watu wanyooshe mikono.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nikawatazama wanakisomo wangu wakiinuka mmoja mmoja kumjibu mgeni. Bi Mwanahawa akajifunga khanga, akasimama, akasema, "Tunamshukuru mgeni wetu. Kuhawilisha ardhi yetu ni jambo la maendeleo, na sisi watu wa Kinjumbi maendeleo tunayapenda."

Watu wakapiga makofi. Neno lilikuwa limekaa mahali pake, halikuegemea upande. Mtahini yeyote angempa alama zote. Mimi sikupiga makofi, kwa sababu ile ilikuwa ni "Serikali yetu inasisitiza husuda" imevaa khanga mpya, na safari hii aliyeitunga alikuwa na kaburi la mumewe ndani ya kiti kile kitupu.

Mwenyekiti wa kijiji alinifuata baada ya mkutano, uso umemng'aa. "Mwalimu, umeyaona matunda yako? Wameongea kama mabwana shamba."

"Nimeyaona," nikasema.

"Wageni wamefurahi sana. Wanasema kijiji hiki kina uelewa."

Nilimshuku mwenyekiti. Sikupata sababu ya kumshuku wala siipati leo, huenda alipenda tu wageni waondoke wamefurahi, lakini nilimshuku. Nilimshuku na yule kijana mpole, hasa upole wake. Nikatoka nje, nikawasikiliza wanawake wakirudi njiani na Kimatumbi chao, na katikati nikalisikia neno lile limekaa zima, halijaguswa.

Mtaniuliza kwa nini sikusimama nikawaambia maana yake. Kwanza, nilichokijua nilikisikia kwenye semina moja, kwamba ardhi ikishahawilishwa hutoka mikononi mwa kijiji, na kuirudisha ni shughuli nyingine kabisa. Semina nazo siziamini. Pili, na hili lilinisumbua zaidi, ningewaambia, nao wangenipigia makofi, na Bi Mwanahawa angeinuka na kusema kwamba maelezo ya mwalimu ni jambo la maendeleo. Mimi pia nilikuwa mgeni. Wangenirudishia neno langu kama walivyomrudishia yule kijana, kisha wangenyoosha mikono.

Alasiri iliyofuata niliandika neno hilo ubaoni, peke yake. "Nani atakataa kwa neno hili?" nikauliza.

Wote wakautazama ubao. Hata watoto waliofuatana na mama zao waliacha kuchezea magunia.

"Mwalimu," akasema Bi Mwanahawa, "neno la mgeni unalikataaje? Si utovu wa adabu huo?"

"Mgeni hayupo hapa. Salima huyu hapa." Salima alikuwa jirani yake, mama kijana mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa amekaa naye mkeka mmoja. "Salima amekuja kwako anataka jembe lako. Mkatalie."

"Salima mimi simnyimi jembe."

"Leo unamnyima. Tumia neno."

Bi Mwanahawa akamgeukia Salima, akamwekea mkono gotini ili asije akakasirika. "Salima mwanangu, jembe langu sikuhawilishii."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu." Akaangalia ubao, akaangalia mikono yake. "Kwa sababu." Nilimwona akitafuta, na moyo uliniuma, maana hajawahi kukwama mbele ya wenzake. "Mwalimu, sijui. Sijui nikimhawilishia jembe linarudi lini."

"Si nakurudishia jioni, bibi," akasema Salima. "Nikichukua jembe kwako siku zote narudisha jioni."

"Huko ni kuazima," nikasema. "Wageni wamesema kuazima?"

"Hapana," wakajibu wengi.

Bi Mwanahawa aliendelea kuniangalia bila kupepesa. "Kuazima kila mtu anakujua," akasema polepole. "Wangetaka kuazima, wangesema kuazima."

Sikuongeza kitu. Waliniuliza maana, nikawaambia nilichosikia kwenye semina na pale pale nikawaambia wasinitegemee, mwenye neno yupo na anakuja, wamuulize yeye. Niliwaruhusu mapema siku ile. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hofu, kwa sababu kumwuliza mgeni mbele ya kijiji si kitu cha kawaida pale, na nilijua kwamba adabu ya miaka mingi haivunjwi na kipindi kimoja cha kisomo.

Siku ya mkutano watu walijaa. Kijana mpole akasimama, akasalimu kirefu, akaomba mikono. Kabla mwenyekiti hajahesabu, Bi Mwanahawa akainuka na kujifunga khanga, kama mara ile.

"Mgeni wetu," akasema, "ulituletea neno kuhawilisha, na sisi tumelipokea. Kuhawilisha tunakusikia, na kuhawilisha tunakuheshimu."

Nikafumba macho. Nilidhani yameisha. Watu wakaanza kupiga makofi, naye akainua mkono kuwanyamazisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nina swali dogo la mtu mjinga, mwanangu. Mume wangu amelala pale, kwenye minazi. Kila Ijumaa nakwenda kumfagilia. Tukishahawilisha, Ijumaa nikitaka kwenda, nitaomba ruhusa kwa nani?"

Yule kijana alimgeukia. Nilimkazia macho nikitafuta hila usoni mwake. Sikuiona. Nadhani swali hilo hajawahi kuulizwa, na lilimgusa mahali ambapo hakujiandaa. Alivua kofia.

"Kwa mwenye hati, bibi," akasema.

"Na mwenye hati atakuwa kijiji?"

"Hapana, bibi. Haitakuwa ya kijiji tena."

Bi Mwanahawa akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyejibiwa salamu. "Mungu akulipe kwa kusema kweli," akasema. "Basi shamba langu sikuhawilishii, mwanangu. Kwa sababu mimi siwezi kubisha hodi kwa mume wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Alikaa chini, akajifunika khanga mpaka kichwani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Salima akamkumbatia. Kisha Kimatumbi kikaanza, chini chini kwanza, halafu kijiji kizima, na nilisimama nyuma pale nikisikiliza kwa nusu yangu ya sikio. Neno halikuwamo. Walikuwa wamelivunja vipande, wanalisema kwa maneno ya nyumbani, wanauliza nani ana kaburi wapi, nani ana minazi wapi, na mwaka ujao watapitia wapi kwenda pwani. Mwenyekiti aliomba mikono mara mbili, haikunyooka. Nililia, na sikuona sababu ya kuficha.

Wageni walirudi baadaye na maneno mengine. Nayo tuliyakalisha ubaoni, moja moja, na kwa kila moja tukamkatalia mtu kwanza. Mengine tuliyakataa mpaka mwisho, na mengine kijiji kiliyakubali baada ya kuyajua. Hilo si kazi ya mwalimu kuamua. Nyinyi vijana mnapenda kusikia kwamba kisomo kilishinda. Mimi nasema tu kwamba siku ile kila ambaye hakunyoosha mkono alijua kwa nini hakuunyoosha, na kabla ya hapo sikuwa na hakika hiyo kwa kijiji chochote nilichofundisha.

Siku niliyoondoka Kinjumbi, Bi Mwanahawa alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amebeba kichwani mkeka mpya wa ukindu, wa rangi tatu, kazi ya mikono yake, na nilikuwa nimemwona akiusuka kila alasiri mwaka ule mzima, na kila nilipomwuliza ni wa nani alicheka tu. Akaushusha, akaniwekea miguuni.

"Mwalimu, mkeka huu nimekuhawilishia," akasema.

Neno lilikaa mahali pake, halikuegemea upande. Kwa hiyo nililishuku.

"Likatae," nikamwambia. "Na useme kwa nini."

Akacheka, akatazama upande linakotokea basi. "Sikuhawilishii mkeka huu, mwalimu," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ukibaki wangu, nitakuwa na haki ya kuja Lindi kuudai."

Basi likaja. Kondakta akaanza kugonga bati, watu wakapanda, na mimi nilikuwa bado nimesimama na ule mkeka.

"Basi mimi sikubali unihawilishie," nikamwambia. "Niazime."

Mkeka huo ninaukalia sasa ninapoandika, na si wangu. Mwenyewe ameshakuja Lindi kuudai, tena si mara moja. Anafika asubuhi na Salima, nampa shikamoo, anaukagua kingo zake zote kuona kama nimeutunza, anaukalia, tunakula, tunazungumza mpaka alasiri. Kisha anajifunga khanga, ananiaga, na anausahau.